Tosti ya maharage na mboga isiyolowa, kwa kikaango tu na dakika 20 za asubuhi

Swali: Habari za kazi. Naishi Morogoro na mwanangu wa miaka 9, na nyumbani hatuli nyama wala samaki. Asubuhi nina kama dakika 20 kabla hajaondoka kwenda shule. Nina jiko la gesi la plate mbili na kikaango. Sina toasta wala oveni. Nikimtengenezea tosti ya maharage na mboga, mkate unalowa hadi unamkatikia mkononi na vilivyo juu vinamwagika. Mwisho anakula maharage kwa kijiko, mkate anauacha. Halafu maharage yenyewe yanamjaza gesi tumboni. Nakosea wapi?

Jibu: Dada, viungo vyako havina kosa. Kinachokushinda ni maji, na maji hayo yanatoka sehemu tatu: kwenye mchuzi wa maharage, kwenye mboga, na ndani ya mkate wenyewe, ambao umebadilika rangi nje lakini katikati bado una unyevu. Ukirekebisha sehemu moja ukaziacha mbili, tosti italowa tu. Nitazipitia zote, nikianza na maharage, maana hapo ndipo muda wako wa asubuhi unapookolewa au kupotea.

Hiki ni chakula cha kiporo. Maharage makavu hayaivi salama ndani ya dakika 20, hata kwa presha kuka ukihesabu muda wa kujaza presha na kuitoa. Kwa hiyo chemsha nusu kilo mara moja kwa wiki, siku unayoshinda nyumbani. Nusu kilo ya maharage makavu ikiiva inakupa vikombe kama 7, uzito wa kilo 1.2 hivi. Mlo mmoja wa watu wawili unachukua kikombe kimoja na nusu, kwa hiyo una milo minne na kidogo cha kubaki. Kwa tosti chagua maharage yenye nyama laini na ganda jembamba: ya njano yanafaa sana, na yale ya madoadoa ambayo Kenya wanayaita rosecoco nayo yanapondeka vizuri. Maharage mekundu makubwa yenye ganda gumu yana ladha nzuri kwenye mchuzi, ila ukiyaponda maganda yanabaki na mtoto anayasikia ulimini. Na ukifika sokoni uliza kama ni ya msimu huu. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hubadilika ndani, na hata uyachemshe saa tatu yanaweza kubaki na kiini kigumu.

Kuhusu gesi. Maharage yana aina ya sukari ambazo utumbo mwembamba wa binadamu hauwezi kuzivunja. Zinapita hadi utumbo mpana, bakteria wanazila, na gesi ndiyo inayotoka kwenye kazi hiyo. Sukari hizo huyeyuka kwenye maji, na hilo ndilo linalotusaidia: loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji yote, suuza. Weka maji mapya, chemsha dakika 10, yamwage na hayo, kisha weka maji ya moto mengine uendelee hadi yaive. Utapoteza vitamini na madini kidogo, lakini kwa mtoto anayelalamika tumbo naona ni hasara inayokubalika. Pia usianze naye kwa sahani iliyojaa. Robo kikombe kila mara kwa wiki ya kwanza, halafu nusu, kisha panda taratibu. Tumbo huzoea maharage likiyapata mara kwa mara, na halizoei likiyapata mengi mara moja kwa mwezi. Maharage yaliyoiva nusu ndiyo yanayosumbua kuliko yote.

Maji ya kulowekea yatie chumvi, kijiko kimoja cha chakula kisichojaa kwa kila lita. Najua wengi tumefundishwa kwamba chumvi huyafanya maharage kuwa magumu. Ukweli ni kinyume: chumvi hulainisha ganda, kwa sababu inachukua nafasi ya kalsiamu na magnesiamu zinazolishikilia ganda lisilegee. Vinavyochelewesha maharage kuiva ni vitu vichachu, yaani nyanya, ndimu na ukwaju, pamoja na maji ya kisima yenye chumvichumvi ya chokaa, ambayo kalsiamu yake inafanya kazi ile ile ya kukaza ganda. Kwa hiyo nyanya isiingie kwenye sufuria kabla maharage hayajaiva kabisa, na kama maji yenu ni ya kisima, tumia ya bomba au ya mvua kwa kazi hii. Magadi huyalainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1 na yakizidi huacha ladha ya sabuni. Ukilazimika, robo kijiko cha chai kwa nusu kilo inatosha.

Sasa jambo la usalama, nalo lisomwe vizuri. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huharibiwa na maji yanayochemka kwa nguvu. Yachemke wazi, kwa povu, dakika 10 kamili au zaidi, ndipo upunguze moto. Ukiyaweka kwenye moto mdogo tangu mwanzo, au kwenye chombo cha umeme cha kupika polepole ambacho hakifiki joto la kuchemka, sumu hiyo haiondoki, na maharage yaliyopashwa moto nusunusu yanaweza kudhuru kuliko mabichi. Dalili zake ni kichefuchefu na kutapika ndani ya saa chache. Wanaotumia jiko kikapu (kikapu kinachotunza joto ili sufuria iendelee kuiva bila moto) ili kuokoa mkaa hawana tatizo, mradi sufuria ichemke kwa nguvu dakika 15 hadi 20 kabla ya kuingizwa kikapuni.

Maharage yaliyolowekwa huiva kwa dakika 45 hadi 75 kwenye sufuria ya kawaida, na dakika 10 hadi 15 kwenye presha kuka baada ya presha kujaa. Kujua kama yameiva, toa matano kutoka sehemu tofauti za sufuria uyabonyeze kwa ulimi juu ya kaakaa. Yote matano yasagike bila meno. Moja likikataa, rudisha sufuria motoni.

Yakiiva, yaache yapoe ndani ya mchuzi wake, kwenye chombo kipana ili yapoe upesi, na ndani ya saa mbili tangu uyaepue yawe yameingia kwenye friji. Yagawe kwenye vyombo vya kikombe kimoja na nusu kila kimoja, pamoja na mchuzi kidogo unaoyafunika. Kwenye friji yanakaa siku 3 hadi 4, kwenye friza hata miezi mitatu. Ya friza yahamishie kwenye friji usiku, asubuhi yatakuwa yameyeyuka. Kama huna friji, chemsha ya mlo mmoja tu. Sufuria iliyolala mezani usiku kucha kwa joto la Morogoro huwa imeshaota bakteria hata kabla hujasikia harufu ya kuchacha, na baadhi yao huacha sumu isiyoondoka kwa kupasha moto tena.

Sasa asubuhi yenyewe. Kwa watu wawili andaa kikombe kimoja na nusu cha maharage yaliyoiva, na mchuzi wake weka pembeni usiumwage; kitunguu maji kimoja kidogo; kitunguu saumu punje mbili; nyanya ya kopo nzito kijiko kimoja cha chakula; mafuta vijiko viwili vya chakula; binzari nyembamba ya unga (wengine huiita jira au uzile) nusu kijiko cha chai; ndimu nusu; karoti moja; pilipili hoho nusu; na slesi nne za mkate. Vitunguu, karoti na hoho unaweza kukata usiku ukahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko ndani ya friji. Usivitie chumvi.

Pasha mafuta kwenye sufuria ndogo kwa moto wa kati, weka kitunguu, koroga dakika 3 hadi kingo zianze kuwa kahawia. Weka kitunguu saumu na binzari, sekunde 30 tu. Binzari ya unga huungua haraka, na uchungu wake hauondoki kwa kitu chochote. Ongeza nyanya ya kopo uikaange dakika moja, hadi rangi ikolee na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Hatua hii wengi huiruka wakamimina nyanya pamoja na maharage, ndiyo maana chakula kinabaki na uchachu mbichi. Nimependekeza nyanya ya kopo kwa sababu maji yake yameshapunguzwa kiwandani. Nyanya mbichi moja ya ukubwa wa kati ni maji kwa sehemu kubwa mno, na ingekuchukua dakika 6 au 7 kuikausha.

Weka maharage na vijiko vinne vya mchuzi wake. Ponda kwa mgongo wa mwiko hadi theluthi mbili hivi ziwe zimesagika na theluthi moja ibaki nzima. Usiyasage yote, maana chakula kitakosa cha kutafuna. Usiyaache mazima pia, kwa sababu hapo ndipo chanzo cha kumwagika kwako kilipo: punje nzima hubingirika, na mchuzi ulio kati yao hupenya moja kwa moja kwenye mkate. Yakipondwa, wanga hutoka na kuushika mchuzi, na unapata rojo zito linalokaa pale ulipoliweka.

Kipimo cha uzito wake ni hiki. Vuta mwiko katikati ya sufuria hadi uone chini. Kama ule mstari unafunikwa papo hapo, bado ni mchuzi. Ukikaa wazi sekunde mbili au tatu, kisha rojo likarudi taratibu kuuziba, epua. Ukiendelea hadi mstari usijifunge kabisa, umepitiliza, kwa sababu wanga unaendelea kukaza kadiri unavyopoa, na kwenye sahani rojo litakauka na kupasuka. Lililopitiliza linarekebishika kwa kijiko kimoja cha mchuzi ule uliouweka pembeni. Chumvi onja sasa, baada ya kukauka, na ndimu ikamuliwe sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Kazi yote hii ni dakika 8 hadi 9.

Mkate ndio watu wanaoudharau, na mimi naona ndio unaoamua. Slesi za dukani mara nyingi ni nyembamba, sentimita moja au pungufu. Ukipata mkate wa boflo usiokatwa, kata mwenyewe vipande vya sentimita moja na nusu hadi mbili. Mkate wa jana unashinda wa leo, kwa kuwa umeshapoteza unyevu kiasi na haukunjiki. Usiuhifadhi kwenye friji, ambako unachakaa haraka kuliko mezani. Kama hautaisha ndani ya siku mbili, uweke friza ukiwa umeshakatwa, kisha slesi ziende kikaangoni moja kwa moja bila kuyeyushwa, uongeze dakika moja.

Pasha kikaango kikavu dakika mbili kwa moto wa kati. Tone la maji likidondoshwa lichemke na kukauka ndani ya sekunde mbili hivi. Likikauka papo hapo kwa kishindo, moto umezidi. Kama kikaango chako ni cha kutoshika, kisikae kitupu kwenye moto mkali hata kidogo, huo mpako wake huharibika na kutoa moshi usiofaa kuvutwa. Panga slesi bila mafuta yoyote na uzikandamize kidogo kwa kijiko bapa ili uso wote uguse chuma. Usifunike kikaango. Ukifunika, mvuke unaotoka kwenye mkate unarudi kwenye mkate ule ule, na unapata slesi yenye rangi nzuri iliyo laini katikati, ambayo nadhani ndiyo unayoipata sasa. Dakika mbili upande wa kwanza, moja na nusu wa pili. Mikate yetu mingi ina sukari, na sukari huwahisha rangi kabla unyevu haujatoka. Ukiona kahawia imekolea ndani ya dakika moja, punguza moto na uupe mkate muda wake. Slesi iliyo tayari ukiigonga kwa kucha inatoa sauti kavu, na ukiishika kona moja haipindi.

Hapo ndipo mafuta yanapoingia. Paka upande mmoja samli kiasi cha nusu kijiko cha chai, rudisha upande huo ulale kwenye kikaango sekunde 30, toa. Mafuta yanajaza vitundu vya uso wa mkate, na mchuzi unakosa njia ya kupenya. Nimesema samli kwa sababu karibu yote ni mafuta, wakati siagi ina maji yapatayo asilimia 16, na majarini nyingi nazo zina maji. Ukiziyeyusha juu ya tosti unauloanisha mkate kabla maharage hayajafika. Kwa wasiotumia kitu cha maziwa, mafuta ya alizeti yanafanya kazi hiyo hiyo. Wanaopaka mafuta tangu mwanzo wanapata mkate uliokaangwa nje na mbichi ndani, ndiyo sababu nasisitiza kukausha kwanza, kupaka baadaye.

Zikitoka kikaangoni, slesi zisilazwe kwenye sahani wala kurundikwa. Zisimamishe mbilimbili zimeegemeana kama paa la nyumba, au zilaze juu ya wavu. Tosti ya moto iliyolazwa kwenye sahani bapa hutoa jasho chini yake, na ndani ya dakika mbili upande wa chini unakuwa umelegea.

Mwenye jiko la mkaa anaweza kutumia wavu juu ya mkaa ulioshika vizuri na kuacha kutoa moshi, dakika moja kila upande. Matokeo yake ni mazuri kuliko ya kikaango, ila ukigeuka kumwita mtoto tu mkate umeshakuwa mweusi.

Kuhusu mboga, kanuni ni moto mkali, muda mfupi, chumvi mwishoni. Karoti iliyokwanguliwa na hoho iliyokatwa nyembamba zikaangwe pamoja kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta, dakika mbili, huku ukikoroga mfululizo. Ukitia chumvi mwanzoni inavuta maji kutoka kwenye mboga, kikaango kinapoa, na badala ya kukaanga unachemsha. Kwa mtoto, karoti hii ina faida ya pekee, kwamba utamu wake unalainisha ladha ya maharage bila kuongeza sukari.

Mchicha unahitaji kazi zaidi. Upike dakika mbili hadi unywee, uweke kwenye chujio, uukandamize kwa kijiko hadi usitoe tone, kisha ukate na uuchanganye na kitunguu. Konzi nne za majani zitakupa vijiko vitatu au vinne tu, usishangae. Sukuma wiki ikatwe nyembamba sana na ikaangwe dakika 3. Haina maji mengi, kwa hiyo kwa haraka ya asubuhi ndiyo naipendelea kuliko mchicha. Kabichi ifanye hivyo hivyo.

Na kachumbari, ambayo wengi wanaimwaga juu ya tosti na maji yake. Toa mbegu na ule ute wa ndani ya nyanya, kata nyama yake tu, changanya na kitunguu, tia robo kijiko cha chai cha chumvi, acha kwenye chujio dakika 10 wakati unapika mengine, kamua kwa mkono, ndipo uweke ndimu na majani ya giligilani. Maji yatakayobaki chini ya chujio ndiyo yaliyokuwa yanaishia kwenye mkate wako. Parachichi lililoiva lina kazi mbili: linapendeza, na ukilipaka jembamba chini ya maharage linasaidia samli kuzuia unyevu. Liponde dakika ya mwisho, na ndimu kidogo lisibadilike rangi.

Mpangilio wa juu ya mkate uwe huu: samli, parachichi kama lipo, rojo la maharage unene wa kidole kimoja chembamba hadi ukingoni kabisa, mboga zilizokaangwa, kachumbari mwisho. Meksiko wana mlo wa namna hii unaoitwa molletes, mkate uliopasuliwa ukapakwa maharage ya kupondwa na jibini, ukachomwa, kisha nyanya na vitunguu vibichi vikawekwa juu. Mpangilio wao ni huo huo, kikavu chini na chenye maji juu. Waingereza kwa upande wao humimina maharage ya kopo na mchuzi wake juu ya tosti, lakini wanakula kwa kisu na uma, kwa hiyo mkate ukilainika hawajali. Wewe unataka cha kushika mkononi, usifuate picha zao.

Kwa plate mbili, saa yako iende hivi. Dakika ya kwanza andaa kachumbari uiweke kwenye chujio. Dakika ya tatu washa plate moja, anza vitunguu vya maharage. Rojo likishaanza kukauka, kama dakika ya nane, washa plate ya pili upashe kikaango, kaanga karoti na hoho dakika mbili, zitoe, kipanguse kikaango, kisha kitumike kwa mkate. Kikaango cha kawaida kinabeba slesi mbili, kwa hiyo awamu mbili ni dakika 8. Ukimaliza awamu ya kwanza, mtengenezee mtoto aanze kula huku za kwako zikiendelea. Tosti hii haingoji. Hata iliyotengenezwa kwa uangalifu wote ina dakika kama 10 za ubora wake.

Makosa mengine yanayojitokeza ni machache. Rojo likiwa chungu, kitunguu saumu au binzari viliungua, na dawa ni kuanza upya. Likiwa halina ladha licha ya chumvi, mara nyingi limekosa ndimu, jaribu matone machache kabla ya kuongeza chumvi. Mkate ukipinda kingo juu kikaangoni, moto ni mkali na hukuukandamiza. Mboga zikitoa maji kikaangoni, umeweka nyingi kwa pamoja, kaanga nusu nusu.

Wapenzi wa maharage ya nazi wanaweza kuacha nyanya na kutumia tui zito, vijiko vinne badala ya ule mchuzi, kwa moto mdogo na kukoroga mfululizo ili tui lisikatike. Likishakauka kwa kipimo kile kile cha mwiko, ni tamu sana na hoho mbichi juu. Tahadhari yake ni kwamba maharage yenye tui huchacha mapema, kwa hiyo tui litiwe asubuhi, lisihifadhiwe na maharage ya wiki.

Siku ukisahau kuloweka, choroko zitakuokoa: hazihitaji kulowekwa, zinaiva kwa dakika 30 hadi 40, unaweza kuzichemsha jioni unapopika chakula cha usiku, na zinapondeka zenyewe. Maharage ya kopo yaliyo kwenye maji ya chumvi pia yanafaa. Kopo la gramu 400 likichujwa linabaki na maharage ya gramu 240 hivi, karibu sawa na kipimo chetu. Yasuuze kwenye chujio ili chumvi ipungue, na tumia maji ya kawaida mahali pa mchuzi. Yale yaliyo kwenye rojo la nyanya yana sukari na maji mengi. Mimina nusu ya rojo hilo pembeni, kausha dakika 5 kwenye sufuria pana, na usiongeze nyanya nyingine.

Kwa kuwa hamli nyama, kuna jambo moja la lishe la kuzingatia mezani. Maharage na ngano hukamilishana: protini ya ngano ina upungufu wa lisini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, ambayo maharage yanayo kwa wingi, na maharage yana upungufu wa nyingine, methionini, ambayo ngano inayo. Slesi mbili zenye robo tatu ya kikombe cha maharage zinampa mlaji protini ya gramu 15 hivi. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage ndiyo yenye shida, kwa kuwa mwili huyanyonya kwa kiasi kidogo kuliko ya nyama. Vitamini C huongeza unyonyaji huo ikiliwa kwenye mlo huo huo, na moto huiharibu kiasi. Hii ndiyo sababu nimekuambia ndimu iingie baada ya kuepua na kachumbari ibaki mbichi. Chai inafanya kinyume chake. Tanini zake hulishika chuma lisinyonywe, iwe ya rangi au ya maziwa. Mpe mtoto maji au chungwa pamoja na tosti, na chai inywewe saa moja baadaye, au akirudi shule.

Usimfungie hii kwenye kontena la shule. Tosti ya moto ndani ya kontena lililofungwa inajilowesha kwa mvuke wake, na maharage yaliyopondwa yakikaa kwenye joto hadi mapumziko ya mchana si salama. Kama anahitaji cha kubeba, mpe mkate na siagi ya karanga, na hii aile nyumbani kabla hajatoka.